Mgonjwa wa figo: punguza chumvi, usipunguze chakula

Katika familia nyingi zenye mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, mizani ndiyo hakimu. Akipimwa na kuonekana ameongezeka kilo tatu tangu mara ya mwisho, watu wa nyumbani husema amekula mno. Basi hunyimwa chakula, au hujinyima mwenyewe. Ndugu msomaji, hapo ndipo hatari nyingine inapoanza.

UZITO HUO NI WA NINI?

Kazi ya figo ni kuchuja damu na kutoa maji ya ziada kwa njia ya mkojo. Figo zikishindwa, maji hayo hubaki mwilini mpaka siku ya mashine, ambayo kwa kawaida ni mara tatu kwa juma, kama saa nne kila mara. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo aliyeongezeka kilo tatu kwa siku mbili hakunenepa. Amebeba karibu lita tatu za maji.

Maji yakizidi, shinikizo la damu hupanda, miguu huvimba, moyo huchoka na mapafu huweza kujaa maji. Tena mashine ikilazimika kutoa maji mengi kwa saa chache, misuli hukakamaa na shinikizo hushuka ghafla. Ndiyo maana madaktari hushauri nyongeza isizidi asilimia 4 au 4.5 ya uzito wa mgonjwa asiye na maji ya ziada. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni kama kilo mbili na nusu.

CHAKULA HUOKOA, MAJI HUUA

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 34,107 waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Kwanza ilionekana kwamba walioongezeka uzito zaidi kati ya siku za mashine walielekea kuishi zaidi. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wanakula vizuri, na anayekula vizuri hunywa pia. Lakini walipolinganishwa wagonjwa wenye hali sawa ya lishe, matokeo yaligeuka. Walioongezeka kilo 4 au zaidi walikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa iliyozidi kwa robo ile ya walioongezeka kilo 1.5 hadi 2. Kwa walioongezeka chini ya kilo 1, hatari ilipungua kwa theluthi.

Basi namba ndogo ya mizani iliyopatikana kwa njaa si ushindi. Anayejinyima hupungua nyama, na mahali pa nyama huingia maji. Mizani inaweza kuonyesha uzito uleule huku mtu anadhoofika. Mgonjwa akikonda, mwambieni daktari akadirie upya uzito unaomfaa.

CHUMVI NDIYO INAYOITA MAJI

Chumvi huleta kiu. Kwa kila gramu 9 za chumvi, yaani kama kijiko kimoja na nusu cha chai, mwili hushikilia karibu lita moja ya maji. Kumkataza mgonjwa maji huku mboga imekolea chumvi ni kumtesa bure. Sisi wa Kigoma tuna chumvi ya Uvinza tangu enzi za mababu, lakini kwa mgonjwa huyu mkono uwe mwepesi sana.

Jikoni tufanye hivi:

1. Apate mgebuka mbichi, yai au nyama katika milo yake. Anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Gramu 100 za samaki hutoa kama gramu 20.

2. Samaki waliotiwa chumvi aachane nao. Dagaa waliokaushwa bila chumvi ni afadhali, ila huliwa pamoja na mifupa na wana fosforasi nyingi. Wasiwe kitoweo cha kila siku.

3. Mawese kidogo, kitunguu, tangawizi na limau vikoleze mboga badala ya chumvi na vidonge vya mchuzi.

4. Ndizi, viazi na maharage yana potasi nyingi, ambayo ikizidi huweza kusimamisha moyo. Ale kwa kipimo alichopewa hospitalini. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe.

5. Maji ya siku nzima yapimwe asubuhi katika chupa moja. Uji, chai, supu na mchuzi navyo vihesabiwe. Wengi huruhusiwa nusu lita hadi robo tatu, pamoja na kiasi sawa na mkojo wa jana. Lakini kila mmoja afuate kipimo chake. Kiu ikimzidi, asukutue kinywa.

Wanaoishi vijiji vya ziwani kama Kagunga au Kalya wanajua kwamba upepo huweza kuzuia boti. Kukosa siku moja ya mashine ni kurundika maji ya siku nyingi, hivyo familia itafute mapema mahali pa kukaa karibu na hospitali.

Mgonjwa akishindwa kupumua akilala chali, au akilazimika kulala ameketi, apelekwe hospitali saa ileile. Siku nyingine zote, mwekeeni sahani iliyojaa, yenye chumvi kidogo, na kikombe kilichopimwa.