Damu haimsubiri daktari

Mama anayekwenda kujifungua katika kituo cha afya cha Nyakuron, mjini Juba, hupokewa na mkunga. Upasuaji na damu ya kuongezewa viko Hospitali ya Mafunzo ya Juba. Mchana si mbali kwa bodaboda. Usiku wa manane ni habari nyingine. Mzazi anayevuja damu nyingi baada ya mtoto kutoka anaweza kufariki ndani ya saa mbili.

Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kufanya nini si ugomvi wa vyeo. Mkunga aliyesomea kazi yake anaweza kuchoma sindano ya oksitosini ili mji wa mimba ukaze, kutoa kwa mkono kondo lililokwama, kumpa mwenye kifafa cha mimba magnesiamu salfeti, na kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa kimya. Oksitosini huhitaji jokofu. Penye umeme wa shida, vidonge vya misoprostoli huokoa.

Madaktari wengi, mahali pengi, wamepinga mkunga kupewa mamlaka hayo. Huko Marekani, Joseph DeLee, bingwa wa uzazi wa Chicago, alishikilia kwamba kuzaa kwenyewe ni kama ugonjwa. Wakunga wakasukumwa kando, wazazi wakahamia hospitalini, lakini kati ya 1915 na 1930 vifo vya wazazi havikupungua.

Hofu ya madaktari ina msingi: oksitosini ikitumiwa ovyo kuharakisha uchungu hupasua mji wa mimba. Dawa ya hofu hiyo ni mafunzo na usimamizi. Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011, wakunga waliosomea walitajwa kuwa hawafiki kumi. Chuo cha wauguzi na wakunga cha Juba kilikuwa kimefunguliwa mwaka uliotangulia. Kumfundisha binti miaka mitatu, kisha kumzuia asitumie alichofundishwa, ni ukatili kwa mzazi.

Utafiti uliotangazwa 2023 kutoka hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha njia. Damu ilikingwa kwa shuka la plastiki lenye alama za kipimo. Ilipofika kiwango cha hatari, matibabu yote yalianza papo hapo. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Waliotenda, kwa sehemu kubwa, ni wakunga.