Kuchimba Njia Msituni

Kima wa Sanje hapatikani popote duniani ila katika milima ya Udzungwa. Wenyeji walimjua zamani; wataalamu walimtambua mwaka 1979. Mara nyingi hula chini, akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu.

Ukipewa kazi ya kuchimba njia ya watalii katika msitu kama huo, usianze na jembe. Anza na daftari. Pita kwanza njia itakapopita. Andika wanyama, nyayo, kinyesi na viota ulivyoviona. Kazi ikiendelea, rudi kila juma, mahali pale pale, saa ile ile. Ukibadili saa, hesabu haina maana.

Mvua ikinyesha, tazama kijito. Maji yakiwa na tope, udongo wa njia unashuka. Kima wakitoweka, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, njia ingali yaweza kupindishwa.