Kijana Aliyeumizwa Asiogope Nyumba ya Babaye

Mtoto mdogo akishikwa na homa hulia, na mama humsikia. Kijana wa miaka 13 au 16 halii tena. Huficha maumivu yake, kwani aogopa hasira ya baba na maneno ya majirani. Katika Masisi na Walikale kuficha huku kwaweza kumwua.

Sote twayajua mateso ya nchi hizo. Mwaka 2010, tangu tarehe 30 Julai hata tarehe 2 Agosti, watu wenye silaha waliviingilia vijiji vya upande wa Luvungi, katika Walikale. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu 387 walionajisiwa, na kati yao wasichana 55 na wavulana 9. Tangu siku zile amani haijarudi. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi, na mwezi wa Machi wakauingia mji wa Walikale, ingawa huko waliondoka baadaye. Jamaa nyingi zimekimbia makwao, na msichana aendaye kutafuta kuni hajui atakutana na nani.

Basi twataka kila mzazi akumbuke hesabu moja: saa 72. Mtu aliyenajisiwa aweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, lakini sharti aanze kuzimeza kabla saa hizo hazijapita, yaani siku tatu, kisha aendelee kwa siku 28. Mganga humpa pia dawa za magonjwa mengine ya zinaa na chanjo ya ugonjwa wa ini. Katika Hospitali Kuu ya Masisi, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kusaidia mwaka 2007, nao hawatozi malipo.

Siku tatu ni chache katika nchi ya milima na misitu, yenye njia mbovu na za hatari. Lakini mtoto akijua kwamba ataulizwa, "Ulifuata nini kule?", atanyamaza siku zote tatu, na siku ya nne dawa ile haimfai tena.

Wengine hunyamaza mpaka mimba ionekane. Msichana ambaye mwili wake haujakomaa aweza kukwama katika uchungu wa kuzaa siku mbili au tatu. Mara nyingi mtoto hufa, na mama hubaki na fistula, mkojo ukimtoka pasipo kuuzuia. Ugonjwa huu hutibika kwa kupasuliwa. Hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, na ile ya Panzi mjini Bukavu aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, zimewaponya wengi. Ni vibaya kumficha msichana nyuma ya nyumba kana kwamba amelaaniwa.

Je, tufanye nini? Kwanza, mwambieni mtoto mapema, kabla ya msiba: "Likikupata jambo lo lote, njoo kwangu, sitakupiga." Kama aona haya mbele ya baba, aseme na shangazi au nyanya yake.

Pili, akija, msikilizeni kwa upole, mkampeleke kituo cha afya siku ile ile. Nguo zake zisifuliwe. Hata siku tatu zikipita, aende tu, kwani yako matibabu mengine.

Tatu, msipatane na mkosaji kwa mbuzi wala kwa fedha, wala msimwoze binti kwa aliyemharibu. Kwa sheria ya Kongo ya mwaka 2006, ridhaa ya mtoto wa chini ya miaka 18 si kitu. Na Kanuni ya Jamaa, iliyorekebishwa mwaka 2016, yakataza ndoa kabla ya umri huo.

Nne, itunzeni siri yake, wala msiusahau moyo wake. Kijana asiyelala usiku, au aliyeacha kusema na wenzake, ni mgonjwa pia. Mvulana asiposikilizwa nyumbani aweza kukimbilia machimbo ya koltani ya Rubaya, au kundi la wenye bunduki.

Nanyi wanafunzi, jueni kwamba dhambi ni ya aliyetenda, si ya aliyetendewa. Msamaria mwema hakumwuliza yule majeruhi kwa nini alipita njia ile. Alimfunga jeraha, akamchukua, akamlipia. Mwombeni Mungu awape watu wazima wa namna hiyo, nasi wazee tuombe tuwe hao.