Si kiburi, wala hajarogwa: ugonjwa wa hisia zisizotulia

"Asubuhi ananiambia hakuna mama kama mimi. Jioni nikichelewa kupokea simu yake, anasema simpendi, anavunja vyombo na kutishia kujiua."

Hayo alitueleza msikilizaji wetu mmoja kuhusu binti yake wa miaka 22. Majirani wanasema binti ana kiburi, wengine wanasema amerogwa. Lakini msikilizaji, upo ugonjwa wa akili wenye dalili za namna hii, ambao mgonjwa hushindwa kuzituliza hisia zake. Mara nyingi huanza ujanani.

Dalili zake ni hofu kubwa ya kuachwa, kumpenda mtu mno leo na kumchukia kesho, hasira za ghafla, kuamua mambo bila kufikiri, kujihisi mtupu moyoni, na kujikata au kujaribu kujiua. Dalili moja haitoshi. Mtaalamu huangalia mwenendo wa muda mrefu.

Wengine huzaliwa na wepesi wa kuumia. Wengine walipigwa, walidhalilishwa au walitelekezwa utotoni. Si wote, kwa hiyo tusikimbilie kuwalaumu wazazi.

Hakuna kidonge maalumu cha ugonjwa huu. Tiba kuu ni mazungumzo na mtaalamu, ambapo mgonjwa hufundishwa kuitambua hisia na kuivumilia bila kujidhuru. Mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, ndiye aliyebuni mojawapo ya tiba hizo. Mwaka 2011 alieleza hadharani kuwa yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa msichana, na alikuwa akijidhuru.

Nyumbani mfanye nini?

Anapofoka, shusha sauti. Mwambie, "Naona umeumia, mwanangu. Nilichelewa kupokea." Kukubali kwamba ameumia si kukubali avunje vyombo. Hilo mlizungumze baadaye, mkiwa mmetulia.

Usimtishie kumfukuza, kwa sababu kuachwa ndiko anakokuogopa zaidi. Ukiahidi kumpigia saa kumi, piga saa kumi.

Na wewe unayeishi na hali hii, hasira ikipanda usijibu meseji papo hapo. Nawa uso kwa maji ya baridi, pumua polepole, tembea kidogo. Hisia hupanda, kisha hushuka.

Akitaja kujiua, msiseme anatafuta kuonewa huruma. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Fungieni dawa za wadudu wa shambani na vidonge vyote, msimwache peke yake, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Kituo kinaweza kumpa rufaa hadi hospitali ya mkoa au Mirembe, Dodoma.

Msikilizaji, wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu kadiri miaka inavyokwenda, hasa wakipata tiba. Yule mama tulimshauri aanze na hatua moja: ampeleke binti yake kwa mtaalamu, na aende naye.