Mipangilio ya Mtandao kwenye Simu Janja: Namna ya Kupata Intaneti yenye Kasi Zaidi

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa Kata ya Ruaha kufunga safari hadi Mikumi, Kilosa mjini au Morogoro, sasa hupatikana kwa njia ya simu ya mkononi. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa Tausi ulio chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Mwanafunzi anayetarajia kujiunga na chuo huomba mkopo kupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kijana anayetafuta kazi serikalini huwasilisha maombi yake mtandaoni kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi ya cheti cha kuzaliwa nayo hupokelewa kwa njia hiyo hiyo na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).

Baadhi ya mifumo hiyo hufungwa siku na saa iliyopangwa, wala haimsubiri mwombaji ambaye ukurasa wake bado unazunguka. Kwa sababu hiyo, kasi ya intaneti si suala la burudani pekee. Ni suala la haki ya mwananchi kufikia huduma kwa wakati. Aidha, si kila mara ambapo intaneti inakuwa nzito kosa huwa la mnara. Mara nyingi simu yenyewe imepangwa vibaya, na marekebisho yake hayahitaji fundi wala malipo.

Kinachoifanya intaneti iwe nzito au nyepesi

Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hubeba teknolojia za vizazi mbalimbali. Kizazi cha pili, yaani 2G, kilibuniwa hasa kwa ajili ya kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi. Kizazi cha tatu, 3G, kiliongeza uwezo wa intaneti. Kizazi cha nne, 4G, ambacho pia huandikwa LTE, kimejengwa mahususi kwa ajili ya data. Kizazi cha tano, 5G, kilianza kutolewa nchini mwaka 2022.

Tofauti ya vizazi hivyo huonekana katika hesabu ndogo. Faili la megabaiti 10, kwa mfano vyeti vilivyopigwa picha na kuambatishwa kwenye maombi, likipita katika mtandao wa 2G wenye kasi ya kilobiti 200 kwa sekunde, litachukua takriban dakika 6 na sekunde 40. Faili hilo hilo likipita katika 4G yenye kasi ya wastani ya megabiti 4 kwa sekunde, litamalizika kwa sekunde 20. Hivyo, simu iliyobaki kwenye 2G bila mwenyewe kujua humpotezea muda mwingi mtu aliye hatua chache kutoka mahali penye 4G.

Umbo la ardhi nalo lina nafasi yake. Ruaha iko katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, karibu na milima ya Udzungwa ambayo vilele vyake hupita mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Mawimbi ya redio hayapenyi mlima. Nyumba mbili zilizo umbali sawa kutoka mnara mmoja zinaweza kupata mtandao usiolingana, iwapo moja imekingwa na kilima. Bati la paa na kuta nene pia hupunguza nguvu ya mawimbi, na ndiyo maana simu iliyo dirishani hufanya kazi vizuri kuliko iliyo katikati ya chumba.

Mambo ya kukagua kwanza

Kabla ya kubadili chochote, mtumiaji anashauriwa kuhakikisha kuwa kifurushi chake cha data hakijaisha na kwamba tatizo haliko katika programu moja tu. Ikiwa ukurasa mmoja unagoma huku mingine ikifunguka, kosa liko upande wa mfumo unaotembelewa, si upande wa simu.

Hatua inayofuata ni kuwasha hali ya ndegeni, kusubiri kama sekunde kumi, kisha kuizima. Kitendo hiki huilazimisha simu kuachia mnara iliokuwa imeung'ang'ania na kutafuta upya ulio bora. Ni dawa nzuri hasa kwa msafiri aliyetoka Mikumi au Ifakara, kwa kuwa simu yake huenda bado inashikilia mnara wa mbali alioupita njiani.

Mtumiaji ambaye simu yake inaonyesha maelezo kwa Kiingereza anaweza kubadili lugha kuwa Kiswahili katika simu nyingi za Android. Kwa kufanya hivyo, hatua zinazoelezwa hapa chini zitakuwa rahisi kufuatwa, ingawa majina ya vipengele hutofautiana kidogo kati ya simu na simu.

Kuchagua aina ya mtandao

Marekebisho yenye manufaa makubwa zaidi ni ya kuchagua kizazi cha mtandao. Katika simu nyingi za Android, mtumiaji hufungua Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao na intaneti, kisha laini ya simu, na hatimaye aina ya mtandao inayopendelewa. Katika simu za Samsung, njia hiyo huanzia kwenye sehemu ya miunganisho, kisha mitandao ya simu. Kwa wenye iPhone, kipengele hicho kimo ndani ya mipangilio ya data ya simu, kwenye chaguo la sauti na data.

Hapo itaonekana orodha ya vizazi. Chaguo linalofaa kwa watu wengi ni lile linalojumuisha 4G pamoja na 3G na 2G kwa kubadilishana lenyewe. Simu iliyopangwa hivyo hutumia 4G inapoipata, na hushuka kwenye vizazi vya chini inapoikosa. Simu iliyowekwa 2G pekee, pengine kwa nia ya kuokoa chaji, haitapata kasi hata ikiwekwa chini ya mnara.

Yapo mazingira ambamo 3G huwa bora kuliko 4G. Mahali ambapo mawimbi ya 4G ni hafifu, simu huhangaika kupanda na kushuka kati ya vizazi viwili, na kila mara mawasiliano hukatika. Katika hali hiyo, kuchagua 3G kwa muda huleta utulivu. Mtumiaji anaweza kupima mwenyewe: afungue ukurasa ule ule mara tatu akiwa kwenye 4G, kisha mara tatu akiwa kwenye 3G, na kuchagua unaofunguka haraka. Ni vyema kipimo hicho kifanyike asubuhi na jioni, kwa kuwa wakati wa jioni watu wengi hugawana mnara mmoja na kasi hupungua.

Simu nyingi pia huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba katika sehemu ya hali ya laini. Namba hiyo huandikwa kwa alama ya kutoa, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, namba iliyo karibu na −85 ni nzuri, ilhali iliyo chini ya −110 ni dhaifu. Kwa kusogea hatua chache na kuitazama namba hiyo, mtu anaweza kutambua kona ya nyumba inayomfaa kwa kazi za mtandaoni.

Laini inayobeba data na umri wake

Watu wengi hutumia laini mbili katika simu moja. Mtumiaji ahakikishe kwamba laini iliyochaguliwa kubeba data ndiyo yenye kifurushi na ndiyo yenye mtandao mzuri mahali alipo. Katika baadhi ya simu, hususan za miaka ya nyuma, ni tundu moja tu la laini linaloweza kubeba 4G. Laini ikihamishiwa tundu la pili hubaki na 2G.

Laini zilizotolewa kabla ya huduma ya 4G kuenea huenda haziwezi kuipokea kabisa. Mwenye laini ya aina hiyo anaweza kubadilishiwa kadi katika duka la mtandao wake huku akibaki na namba yake. Kwa kuwa usajili wa laini hufanyika kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, ni lazima afike mwenyewe. Akiwa huko, anaweza kupiga *106# ili kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

APN na uchaguzi wa mtoa huduma

APN ni jina la mlango ambao simu huupitia kuingia kwenye intaneti. Jina hilo likiandikwa vibaya, simu huonyesha mtandao umejaa lakini kurasa hazifunguki. Hali hii hutokea zaidi kwa simu zilizonunuliwa nje ya nchi au zilizowahi kutumia laini ya kampuni nyingine. Njia salama ni kuingia kwenye sehemu ya APN na kuchagua kurejesha ile ya mwanzo, au kumpigia mtoa huduma ili atume mipangilio sahihi. Haifai kunakili APN ya jirani anayetumia kampuni tofauti.

Katika sehemu hiyo hiyo ya mitandao ya simu, uchaguzi wa mtoa huduma uachwe ujifanye wenyewe. Mtu akiuchagua kwa mkono na kugusa kampuni isiyo yake, simu itabaki bila huduma.

Programu zinazotumia data kwa siri

Simu inaweza kuwa na mtandao mzuri, lakini kasi ikaliwa na programu zinazojisasisha, kupakua video za makundi na kuhifadhi picha bila mwenyewe kuona. Sehemu ya matumizi ya data huonyesha programu ipi imetumia kiasi gani. Kuwasha Kiokoa Data huzuia matumizi hayo ya chinichini. Katika WhatsApp, mtumiaji anaweza kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe anapotumia data ya simu. Marekebisho hayo huongeza kasi na pia hulinda kifurushi, jambo la muhimu kwa kuwa video zinazoonyeshwa mtandaoni huongeza ubora wake zenyewe mtandao unapokuwa mzuri, na hivyo kumaliza data mapema.

Iwapo hatua zote zimeshindikana, kuna chaguo la kuweka upya mipangilio ya mtandao. Chaguo hili hufuta nywila za Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth vilivyounganishwa, lakini haligusi picha, majina wala fedha zilizomo kwenye laini. Lisichanganywe na lile la kuirudisha simu nzima kama ilivyotoka kiwandani, ambalo hufuta kila kitu.

Tahadhari

Upo ushauri unaozagaa wa kupiga *#*#4636#*#* na kuilazimisha simu ibaki kwenye 4G pekee. Ushauri huo una hatari. Simu au laini isiyoweza kupitisha sauti kwenye 4G haitapokea wala kupiga simu za kawaida ikiwa imefungwa hivyo. Mwenye simu ataendelea kusoma ujumbe wa makundi bila kufahamu kwamba ndugu aliye na mgonjwa usiku anamtafuta na hampati. Yeyote aliyewahi kufanya hivyo airudishe simu kwenye chaguo linalobadilika lenyewe.

Programu zinazojitangaza kuwa zinaongeza kasi ya mtandao haziwezi kuongeza nguvu ya mnara; nyingi huishia kuonyesha matangazo yanayotumia data zaidi. Vilevile, hakuna marekebisho ya mtandao yanayohitaji namba ya siri ya akaunti ya fedha. Anayepigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa wa kitengo cha mtandao na kuombwa namba hiyo, au kuombwa kubonyeza namba asizozielewa, akate simu. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma kwenda namba 15040.

Pale mipangilio inapofikia kikomo

Zipo sehemu ambazo hata simu iliyopangwa vyema haitapata kasi kwa kuwa mawimbi hayafiki. Mkazi wa sehemu hizo anaweza kwanza kulinganisha laini za majirani zake, kwa kuwa kampuni moja inaweza kufika mahali ambapo nyingine haifiki. Tangu Machi 2017, mteja ana haki ya kuhama kampuni bila kubadili namba yake. Kabla ya kuhama, atumie au atoe salio na fedha zilizomo kwenye akaunti ya laini, kwa kuwa hazihami pamoja na namba.

Malalamiko kuhusu ubora wa huduma hupelekwa kwanza kwa kampuni husika, na mlalamikaji aombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Asiporidhika, analipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Lalamiko lenye tarehe, saa, jina la kitongoji na aina ya mtandao ulioonekana kwenye simu hushughulikiwa kwa urahisi kuliko maelezo ya jumla kwamba mtandao ni mbaya.

Kwa vitongoji visivyo na mawasiliano kabisa, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma mahali ambapo kampuni hazioni faida ya kibiashara. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Wananchi wanaweza kuwasilisha hoja hiyo katika mkutano mkuu wa kijiji, ikaandikwa kwenye muhtasari, na kupelekwa kwa Mtendaji wa Kata na Diwani ili ifike Halmashauri. Orodha ya maeneo yasiyo na mtandao, ikitajwa kwa majina ya vitongoji, huipa hoja hiyo uzito.

Mwombaji wa mkopo, leseni au ajira anashauriwa kukagua mipangilio ya simu yake siku kadhaa kabla ya mfumo kufungwa, na kuwasilisha maombi mapema asubuhi, wakati watumiaji wa mnara bado ni wachache.