Jina la Kabila Moja Lililowafunika Kumi na Mbili

Mara nyingi nasikia barazani Wana wa Israili wote wakiitwa Mayahudi tangu zama za Nabii Musa. Mimi naona tutenganishe. Nabii Yaakub, ambaye ndiye Israili, alikuwa na wana 12, na Yahuda ni mmoja wao tu. Nabii Musa mwenyewe ni wa ukoo wa Lawi.

Vipi basi jina la Yahuda likawaenea wote? Ufalme wa kaskazini, uliokuwa na makabila mengi, ulivunjwa na Waashuri yapata mwaka 722 kabla ya Nabii Isa. Ukabaki ule wa kusini, wa Yahuda, na kila mtu wa huko akaitwa Yehudi.

Jina likasafiri. Wagiriki wakasema “Ioudaios”, Warumi “Iudaeus”. Wafaransa wa kale wakaiangusha ile “d”, na kutoka kwao Waingereza wakapata “Jew”. Humo Yahuda hasikiki tena.

Sisi tulilipokea kwa Waarabu, nao hawakulikatakata. Basi, msomaji, ukitaka asili ya neno hilo la Kiingereza, tamka “Myahudi” polepole: utamsikia mwana wa Yaakub.