Mche rahisi wa karakara huishia kuwa ghali

MKULIMA anayetafuta miche ya karakara hukuta aina mbili: iliyooteshwa moja kwa moja kutoka kwa mbegu, na iliyounganishwa. Ile ya kwanza ni ya bei nafuu, na kwa anayetaka mimea michache tu nyuma ya nyumba, huonekana kutosha.

Hasara huja baadaye. Karakara ya zambarau, ambayo hustawi katika nyanda za juu kama vile Meru, Embu na Uasin Gishu, hushambuliwa na ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na ukungu wa fuzari. Ukungu huo huishi udongoni kwa miaka mingi, huingia kupitia mizizi na kuziba njia za maji. Mmea hunyauka, wakati mwingine ukiwa umebeba matunda, na hakuna dawa ya kuuponya.

Karakara ya manjano, iliyozoea joto la Pwani, ina mizizi inayostahimili ugonjwa huo. Ndiyo maana wenye vitalu hukata mche wa manjano na kuunganisha juu yake kitawi cha zambarau. Wakati wa kupanda, kiungo hicho kisifunikwe na udongo, la sivyo kitawi kitatoa mizizi yake chenyewe na kinga itapotea.

Hesabu ni hii. Kipande cha mita 12 kwa 6 hutosha mimea 12, mstari na mstari ukiachana mita 3, mmea na mmea mita 2. Mashimo, samadi, nguzo na waya hugharimu sawa kwa mche wowote ule. Mavuno huanza baada ya miezi 7 hadi 9, na mmea uliotunzwa huweza kuzaa hadi mwaka wa tatu. Ukifa mwezi wa 10, gharama zote zimelipwa na mavuno ndiyo kwanza yameanza. Ukidumu, gharama hizo hizo hugawanywa kwa misimu kadhaa.

Hata hivyo, kuunganisha hakuzuii kila ugonjwa. Virusi vinavyofanya ganda kuwa gumu na tunda kuharibika umbo huenezwa na vidukari, na pia na kisu cha kupogolea. Kisu kisafishwe kabla ya kuhamia mmea mwingine.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama kitalu kimesajiliwa, kisha aonyeshwe kovu la kiungo kwenye kila mche. Asipoliona, ni heri arudi nyumbani na pesa zake.